Bashiru Alichanjwa Mara Moja

Hebu mwone Bashiru akifika Kivinje. Pikipiki ya Ismael imetapakaa tope hadi kwenye taa, maana ni Januari, na njia ya kutoka Likawage ikinyeshewa huwa si njia tena. Wamekaa watatu juu yake, ule mtindo ambao vijana wanauita mshikaki: Ismael mbele, Bashiru katikati, na nyuma kabisa mkewe, Sauda. Bashiru hajashika kitu, kwa sababu hana nguvu ya kushika. Sauda amemfunga kwa kanga, akamkaza kwenye mgongo wa dereva kama gunia la ufuta, kisha akamzungushia mikono yake miwili. Hivyo ndivyo walivyokuja njia nzima, na kila shimo Sauda anasema sikioni, "Bado kidogo, Baba Ziada." Ziada ni binti yao mmoja tu, ameolewa Dar es Salaam.

Walishukia kwa shangazi yake Bashiru, Bi Amina.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sogea huku kwenye mwanga." Bi Amina akamshusha kope kwa kidole gumba. "Yallah! Macho haya umeyachovya kwenye binzari?"

"Ndiyo tumekuja nayo hayo," Sauda akasema, huku anafungua fundo la kanga.

Sasa niwaambie alivyoanza. Bashiru ni mtu wa miaka arobaini na tano, mkulima wa korosho na ufuta, mpole, mcheshi kwa watu anaowazoea, na mvutaji sigara wa siku nyingi. Sauda amemsema kwa sigara hizo tangu walipooana, bila faida. Basi asubuhi moja, mwishoni mwa Desemba, Bashiru aliwasha sigara, akavuta mara moja, akaitupa. Akasema inanuka. Sauda akadhani utani. Mchana akajaribu tena, akaitupa tena, na safari hii akakaa chini kabisa. Wengine wangefurahi. Sauda aliniambia kwamba siku ile ndiyo aliyoogopa, kuliko hata siku macho yalipobadilika.

Kwa sababu baada ya sigara kilifuata chakula. Ugali unanuka, samaki ananuka, hata mafuta yakikaangwa kwa jirani yeye anatapika. Viungo vinauma kama mtu aliyebeba magogo. Zahanati wakampima malaria, hakuna. Wakampima tena baada ya siku mbili, hakuna. Jirani akaleta mizizi ya kuchemsha, akanywa vikombe vitatu, hali ikazidi. Kisha mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na choo kikapauka kama majivu. Sauda alipoyaona macho, hakuuliza mtu. Alimwita Ismael.

Kituo cha afya walichokwenda kilikuwa na tabibu mmoja jina lake Cecilia, mwenyeji wa upande wa Ndanda, mwanamke mrefu ambaye akikusikiliza huacha kalamu mezani. Sauda akamwambia, "Dokta, mume wangu ana homa ya manjano."

"Mama, homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaletwa na mbu. Huyu ana manjano tu. Ni ini linalalamika." Akamlaza Bashiru, akambonyeza chini ya mbavu upande wa kulia. Bashiru akaruka.

Alimtoboa kidole, tone la damu likadondoshewa kwenye kipimo kidogo, na baada ya robo saa vikatokea vistari viwili. Homa ya ini, ile wanayoiita B. Cecilia akatoa damu nyingine ya kupeleka mbali, kuona ini limeumia kiasi gani na kama ugonjwa ni mpya au wa siku nyingi. Kisha akawaeleza, taratibu, kama anayefundisha kusuka.

"Dawa ya kukiua kirusi hiki leo sikupi, kwa sababu kwa mtu mzima aliyekipata karibuni, mwili wenyewe hukifukuza. Kwa walio wengi. Kazi yenu ni kuuachia mwili nafasi. Apumzike. Anywe maji, uji, ale kidogo kidogo. Mizizi basi kabisa, ini halina nguvu ya kuichuja. Vidonge vya maumivu asimeze bila kuniuliza. Pombe sijui kama anakunywa."

"Hanywi," Sauda akajibu kwa niaba yake.

"Vizuri. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akilala usingizi usioamshika, au akitokwa na damu puani, msingoje kuche. Mleteni."

"Na kula naye sinia moja?"

"Kuleni. Haupiti kwenye sinia wala kikombe. Unapita kwenye damu. Na kwenye unyumba. Kwa hiyo na wewe nikupime leo, na kwa sasa mtakaa kama kaka na dada."

Sauda akapimwa, akawa salama. Wakalazwa siku nne, mume kitandani na dripu, mke sakafuni kwenye mkeka, kisha wakarudi kwa Bi Amina kungoja majibu ya damu.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, na siku hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Sikilizeni vizuri hapa, maana neno moja tu lilipotea njia.

"Baba," Cecilia akauliza, fomu mbele yake, "umewahi kuchanjwa?"

"Nimechanjwa, dokta."

Cecilia akainua kichwa. Si kila siku unampata mkulima wa makamo aliyechanjwa homa ya ini. "Lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ndiyo maana! Mara moja haitoshi."

Bashiru akasikitika kwelikweli. "Hata mwenyewe aliniambia nirudi ya pili. Nikapitiwa na shamba."

"Mnapitiwa sana nyie," Cecilia akasema, akaandika. "Umewahi kuongezewa damu?"

"Hapana."

"Sindano za vichochoroni?"

"Hapana."

"Wembe je? Unachangia na mtu?"

"Wembe wangu ni wangu. Hata huyu hagusi."

Cecilia akamwangalia Sauda kidogo, kama anayeomba radhi kabla ya kosa. "Swali hili nawauliza wote, msinielewe vibaya. Nje ya ndoa, baba?"

"Hapana. Wallahi hapana."

"Haya. Nimeuliza kwa sababu majibu yanasema ugonjwa ni mgeni. Umeingia ndani ya miezi hii sita."

Sauda alikuwa anahesabu vidoleni. Januari, Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba. Kidole cha Agosti akakishika, hakukiachia. Mwezi wa Agosti Bashiru alikuwa Masoko wiki mbili nzima, anamfyatulia shemeji yake matofali. Sauda akanyanyuka, akasema anangoja nje.

Walipokutana nje alimuuliza bila kupaza sauti. "Masoko ulikuwa unalala wapi?"

"Kwa shemeji. Si unajua?"

"Siku zote kumi na nne?"

"Zote."

"Basi niambie ugonjwa umetoka wapi."

Bashiru akanyamaza. Hakuwa na jibu analolificha. Hakuwa na jibu lolote. Lakini kimya cha asiyejua na kimya cha mwenye siri, mtu aliye nje atavitofautishaje? Sauda akangoja kwa muda ambao ungetosha mtu kuungama, kisha akatangulia njiani.

Hakuondoka siku ile. Huyu si mwanamke wa kumwacha mgonjwa hajashika kijiko. Alikaa siku tano zaidi, akafua, akakoroga uji, akamsindikiza Bashiru chooni, na katika siku tano hizo hakumwita Baba Ziada hata mara moja. Asubuhi ya sita akafunga mfuko wake. Kaka yake, Abdulwahab, ana duka dogo Mtanda, pale Lindi mjini.

"Nakwenda kuchanjwa," akasema. "Dokta ameniandikia."

"Utarudi?"

"Chanjo ni tatu. Ya mwisho mwezi wa saba."

Bi Amina, aliyekuwa anapepeta mchele, akasubiri mlango ufungwe ndipo aseme. "Umeuliza kitu ukajibiwa tarehe. Hapo mwanangu una kesi."

Basi Bashiru akabaki. Mwili ulikuwa unawasha kila mahali, kuwasha kwa ndani ambako hakukuniki, na kiungo pekee kisichouma kilikuwa masikio, ndiyo akayatumia kungoja simu. Sauda alipiga kila siku baada ya alasiri. Hakusema habari za kutwa, hakuuliza kama amemkumbuka. Aliuliza hivi:

"Mkojo?"

"Bado chai."

"Kunywa maji." Akakata.

Kesho yake, "Mkojo?" "Chai, lakini imeongezwa maji." Bashiru alikuwa anajaribu kumchekesha. "Kunywa maji." Akakata.

Wiki ya nne mkojo ukaanza kung'aa, macho yakaanza kurudi meupe, hamu ya chakula ikaja kwa kishindo. Bi Amina akampikia samaki wa nazi, akala hadi akaona haya. Lakini niwaambie jambo ambalo yeye mwenyewe alinieleza huku anacheka bila kucheka. Alianza kuogopa kupona. Alijua mkojo ukisafika, mkewe hatakuwa na swali la kuuliza, na asipokuwa na swali hatapiga. Siku mbili nzima alimdanganya. Mkojo ulikuwa safi kama wa mtoto, yeye akasema, "Bado una rangi kidogo." Ilimradi asikie ile sauti ikimwambia kunywa maji. Kitanda cha kwa shangazi kilikuwa kipana, na yeye alilala ukingoni, upande wake, akiuacha ule mwingine kama ulivyo.

Wiki ya sita alikwenda kituoni kwa marudio. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, kina mama wamejaa barazani na kadi zao. Cecilia akampima, akaridhika. Kisha akasema, "Baba, ile kadi yako ya chanjo ungeniletea, nijue uanzie wapi."

"Kadi gani, dokta?"

"Ya chanjo. Uliyochanjwa mwezi wa kumi."

"Fundi hatoi kadi."

"Fundi?"

"Fundi aliyenichanja."

Cecilia akaacha kalamu mezani. "Hebu nionyeshe ulipochanjwa."

Bashiru akakunja suruali. Juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na vimistari vidogo vyeusi, viwili viwili, vimepangwa kwa ustadi. Chale. Akaonyesha na mguu wa pili, na viwiko vya mikono. Mwezi wa kumi, kabla hawajafyeka shamba jipya, yeye na jirani yake Dadi walikwenda kwa fundi wa dawa ya nyoka. Fundi huchanja ngozi, damu ikitokeza anasugulia unga mweusi.

"Na ulipaswa kurudi mara ya pili."

"Kuifunga dawa. Si nilikwambia?"

"Uliniambia," Cecilia akasema polepole. "Wembe ulikuwa wa nani?"

"Wa fundi."

"Alianza nani?"

"Dadi. Kisha mimi."

"Aliubadilisha?"

Bashiru akafikiri. Aliuona wembe ule ukifutwa kwenye kitambaa. Ukafutwa vizuri, hata ukameta. Na mara akakumbuka sauti yake mwenyewe, mbele ya mkewe, ikisema wembe wangu ni wangu. Hakuwa ameongopa. Alipoulizwa wembe alifikiria ndevu.

Alipiga simu akiwa barazani hapo hapo, katikati ya vilio vya watoto. Akaeleza yote kwa mkupuo. Sauda akasikiliza.

"Wiki sita," akasema, "ndiyo unakumbuka wembe?"

"Mama Ziada, mimi nilidhani ananiuliza..."

"Dadi mbona haumwi? Kama ugonjwa ulikuwa kwenye wembe, na yeye ndiye aliyetangulia, mbona yuko shambani anapiga mluzi?"

Swali la mwanamke mwenye akili, na Bashiru alilirudisha ndani kwa Cecilia kama lilivyo. Cecilia akamwambia kwamba wapo wanaokaa na kirusi hiki miaka na miaka bila kujua, hasa waliokipata utotoni. Hawaumwi, lakini damu yao inacho. "Mlete huyo Dadi," akasema. "Si kwa ajili ya mkeo tu. Kwa ajili yake."

Bashiru akarudi Likawage kabla ya Machi kwisha. Dadi ni Mmatumbi, Bashiru ni Mngindo, na watu hawa ni watani wa tangu na tangu, kwa hiyo mazungumzo yalianza kama yanavyoanza siku zote.

"Ulirudi kwani? Sisi tulishagawana mashamba yako."

"Mlinigawia na deni la kunizika?"

"Tungekuzika wima, kuokoa nafasi."

Bashiru akamweleza alichotumwa. Dadi akacheka hadi akashika mti. "Yaani mimi nikatoe damu yangu ili mkeo arudi? Mke wangu mimi yupo pale, ananipikia kisamvu. Nyie Wangindo mtu mmoja akiumwa mnataka kijiji kizima kiumwe."

"Dadi. Leo sikutanii."

Kati ya watani, neno hilo halisemwi ovyo. Dadi akajifuta machozi ya kicheko. Akamtazama vizuri, shingo ilivyokonda, shati linavyoning'inia. "Basi nipe kesho," akasema. "Nivae shati la maana."

Walikwenda watatu, na mke wa Dadi, Mwahija, kwa kuwa Cecilia alisema waje wote. Tone la damu la Mwahija, kistari kimoja. Tone la Dadi, vistari viwili.

Moyo wa Bashiru uliruka kwa furaha, na hapo hapo akaona haya. Cecilia alikuwa anamweleza Dadi kwamba asiogope, kwamba huenda anacho tangu yuko mgongoni kwa mama yake, kwamba ini lake litaangaliwa kila baada ya miezi sita, na likihitaji dawa zipo, na kwamba Mwahija ataanza chanjo, ya sindano, si ya wembe. Dadi hakutania lolote. Mwahija alikuwa ameangalia vile vistari viwili tu.

"Huenda," akasema Mwahija. "Dokta umesema huenda."

"Ndiyo, mama. Kipimo kinasema kipo. Hakisemi kiliingilia mlango gani."

Mwahija akamgeukia mumewe. "Umekipata wapi?"

Dadi akamwangalia Bashiru, kama mtu anayemwomba mwenzake amjibie.

Jioni hiyo alimpigia Sauda, akamwambia Dadi amekutwa nacho. Alikuwa ameingoja siku hiyo kama mtu anavyongoja mwezi uandame. Sauda akashusha pumzi. "Maskini Mwahija," akasema. Basi. Hakusema anarudi.

Miezi ikapita. Bashiru akavuna ufuta peke yake, akaupanga kwenye vichanja, na kila safu akiimaliza anageuka nyuma, kwa mazoea, kumwonyesha mtu ambaye hayupo. Simu ziliendelea, mara mbili kwa wiki, za habari za mvua na za Ziada. Sauda hakuwa mkali tena. Alikuwa mbali tu, na mbali si mahali pa kugombana.

Mwezi wa saba Cecilia akampima mara ya mwisho. Kirusi hakipo. Kinga ipo, haugui tena ugonjwa huu. Akampa karatasi yenye muhuri. Bashiru akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, na kesho yake alikuwa Mtanda, mbele ya duka la Abdulwahab.

Sauda ndiye aliyekuwa ndani, kati ya sabuni na mafuta ya kupima. Alikuwa amenenepa kidogo. Siku tatu nyuma alikuwa amechomwa sindano yake ya tatu. Bashiru alikuwa ametunga maneno njia nzima, na alipomwona, yote yakamtoka.

"Umefika," Sauda akasema.

"Nimefika."

Akampa karatasi juu ya meza ya duka. Sauda akaisoma yote, hadi muhuri. "Alhamdulillahi. Umepona kabisa."

"Basi tuondoke, Mama Ziada."

"Sikuondoka kwa sababu unaumwa." Alikunja karatasi vilevile mara nne, akamrudishia. "Niliondoka kwa sababu nilikuuliza, ukanyamaza. Sasa najua kwa nini ulinyamaza. Kichwa changu kinajua. Wembe, Dadi, yote nimeyapanga, yanakaa sawa. Kisha nikilala, naona Masoko."

"Nikuape kwa nini tena?"

"Usiape. Uliapa, na kiapo hakikunisaidia." Mteja akaja, akataka kiberiti. Sauda akampa, akamrudishia Bashiru macho. "Mwahija amenipigia asubuhi. Amefungasha. Ananiuliza mimi, maana ndimi niliyetangulia kupita njia hii, akae na Dadi au aende kwao. Nimwambie nini?"

"Mwambie akae."

"Kwa nini akae? Una uhakika na Dadi?"

Bashiru akafungua mdomo. Anamjua Dadi miaka thelathini. Anajua utani wake, shamba lake, chale zake. Mengine ya Dadi anayajua Dadi na Mola wake. Akafikiria kusema ndiyo, na akaona kwamba akisema ndiyo kwa jambo asilolijua, mwanamke huyu atalisikia mara moja.

"Sina," akasema. "Sina uhakika. Mwambie akae hivyo hivyo."

Simu ikaanza kuita juu ya meza, kati ya sabuni na mizani. Jina la Mwahija likawa linawaka. Sauda hakuipokea upesi. Alimtazama mumewe, shati lake, mikono yake iliyopasuka kwa ufuta, akanyoosha mkono taratibu, na wote wawili wakajua kwamba lolote atakalomwambia Mwahija ndilo jibu la Bashiru pia.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, simu ile ungeipokea wewe, ungemwambiaje Mwahija?